Kura ya Marehemu na Mji wa Papa

Dada yangu mkubwa ndiye aliyeipanga safari yetu ya Ulaya, kuanzia tikiti mpaka idadi ya soksi za kila mtu. Siku tisa kwa jumla: Vienna siku nne, Budapest siku tano, basi. Wiki tano kabla ya kuondoka, wakala wa safari wa pale Nizwa akampigia simu kumwambia kwamba hoteli ya Budapest aliyoitaka, ile yenye dirisha la kutazama mto, ina nafasi siku tatu za mwisho tu. Achague: hoteli nyengine, au mji mwengine wa kupitia njiani kwa siku mbili. Mtu mwengine angechagua hoteli nyengine. Dada yangu alikuwa ameshawaonyesha wenzake wote wa kazini picha ya lile dirisha.

Kwa hiyo tukaitwa Nizwa, mimi na Mama, kwenda kushauriana.

Sisi wawili tunakaa Ibra, mji mwengine wa huku huku Uarabuni. Mimi ni karani wa usajili katika chuo. Mama, pamoja na shughuli zake nyengine, kazi yake ni kunisahihisha Kiswahili. Aliondoka Unguja msichana wa miaka kumi na sita, na Kiswahili alichoondoka nacho hajakipunguza hata neno moja. Mimi nimezaliwa huku, nikaokota nilichookota. Nikisema "kitabu yangu" huweka kijiko chini akanitazama mpaka nirejee kusema upya. Siku ile njia nzima alikuwa amepakata sahani ya mkate wa kumimina, na kila nikijaribu kumweleza khabari za safari ananikatiza: "Siku zipi? *Nyengine*. Siku *nyengine*. Endelea."

Shemegi yangu, mume wa dada, tulimkuta sebuleni ameshatandaza ramani ya Ulaya juu ya busati. Alikuwa mwalimu wa jiografia mpaka alipostaafu; sasa anauza tende. Ni Mnizwa wa asili, wa baba na babu, hana hata shangazi mmoja aliyewahi kufika Afrika. Kiswahili hakijui. Hivyo ndivyo tulivyoamini kwa miaka kumi na minane. Tukizungumza naye ni Kiarabu. Tukitaka kusema jambo lisilomhusu, au linalomhusu mno, tunahamia Kiswahili mbele ya uso wake bila hata kupunguza sauti. Siku ile alipoinama kumbusu Mama kichwani, Mama alimpokea kwa tabasamu tamu kabisa, kisha akaniambia mimi, "Ndevu za mkwe wangu zimekuwa kama makumbi ya nazi. Hana kitana nyumba hii?"

"Allah akupe afya, mama mkwe," shemegi akajibu kwa Kiarabu, akamsogezea kahawa.

Baada ya chakula mkutano ukaanza. Dada alitaka Salzburg, kwa ajili ya milima, maua na picha. Shemegi akamwonyesha kwa ncha ya kalamu kwamba Salzburg iko magharibi na Budapest iko mashariki, na mtu aliyeko Vienna akipitia Salzburg ili afike Budapest ni kama mtu wa Nizwa kupitia Ibri ili afike Sur. Yeye alitaka Bratislava. Sababu aliyoitoa ni kuwa iko njiani. Sababu ya kweli, tuliyoijua sote, ni kuwa Bratislava ni nchi nyengine. Ndugu yake alikuwa amerudi karibuni kutoka Uturuki na Georgia, na nchi hizo mbili zilikuwa zinasimuliwa kila Ijumaa tangu Ramadhani. Shemegi akirudi na tatu, yule bwana atanyamaza.

Mimi nilitaka kijiji chochote kilichoko ziwani, na sababu sikuitoa. Nilitaka kulala.

Mama aliomba miwani yake, ramani ikaburutwa mpaka alipokaa, akaanza kushuka na kidole kutoka Vienna, akisoma kila jina kwa sauti kama alivyofunzwa skuli.

"Sopron. Hii sabuni. Gyor. Hili si jina, huyu ni mtu anatapika. Moson... Mosonma... aliyeupa mji jina hili alikuwa na ugomvi nao." Kidole kikasita. "Lo!" Akavua miwani, akaipangusa kwa mtandio, akaivaa tena. "Enyi watoto. Hapa pana mji unaitwa Papa."

Tukainama sote. Kweli. Ulikuwa ndani ya Hungary, kusini kidogo ya njia kubwa ya reli, kwa herufi ndogo ndogo: Pápa.

Mama alicheka mpaka akakohoa. Akapewa maji, akacheka tena akapaliwa nayo. Alipotulia akasema, "Mie ntakwenda hapa."

"Mama, huko hakuna bahari," dada akasema. "Hungary nzima haina bahari. Papa hawajamwona hata mkia."

"Kwani nimesema pana papa? Nimesema panaitwa Papa."

"Na kuna nini cha kutazama?"

"Na Vienna kuna nini cha kutazama? Mie nilikuuliza?"

Tulipomfasiria shemegi, alikunja uso. Alikuwa amefundisha jiografia miaka thelathini, na mji huu ulikuwa haujamhitaji wala yeye hakuwa ameuhitaji. Akapendekeza kura ya siri. Akachana karatasi, akatugawia kalamu, akavua kofia yake ya nakshi, ile nzuri ya Ijumaa, akaiweka kichwa chini katikati ya ramani. Tukaandika, tukakunja, tukatumbukiza. Shemegi akatia mkono, akafungua moja moja, akasoma kwa sauti ya mwalimu anayesoma matokeo ya mtihani.

"Salzburg, moja. Bratislava, moja. 'Ziwa', moja. Papa, moja." Akatia mkono tena. "Papa, mbili."

Tulikuwa watu wanne.

"Nani kapiga mara mbili?" dada akauliza, akimtazama Mama.

"Mie nimepiga moja," Mama akasema. "Hiyo nyengine ya baba yenu."

"Mama, baba amekufa."

"Ndio maana nimempigia mie. Angekuwa hai angepiga mwenyewe. Na nyote mnajua angepiga nini, mtu aliyekuwa hazipiti siku tatu bila ya papa wa nazi."

Nikamfasiria shemegi kwa Kiarabu, maneno yakinishinda kwa kicheko. Yeye hakucheka. Aliitazama ile karatasi, akasema, "Allah amrehemu," akaikunja polepole, akaitia mfuko wa kanzu. Mambo yakaishia hapo. Nani angesimama kuipinga kura ya marehemu, siku ya Ijumaa, ndani ya nyumba ya mtu ambaye marehemu mwenyewe ndiye aliyemwozesha binti?

Wiki moja kabla ya safari Mama akasema anataka kwenda Sur akapate upepo. Nikampeleka. Upepo hakuutazama. Aliniambia nisimamishe gari soko la samaki, akaenda moja kwa moja kwa wauza samaki wakavu, akanunua kipande cha papa kirefu kama ubao wa kupigia pasi.

"Mama, hicho ni cha nini?"

"Tunakwenda kwa watu. Tuende na nini, na salamu tupu?"

"Unampelekea nani? Hatumjui mtu Papa."

"Tukifika tutamjua."

Nilimweleza khabari za forodha, za ndege, za harufu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanisahihisha ngeli mbili. Usiku wa kufunga mizigo alimkata papa vipande vinne, akamfunga ndani ya mifuko mitatu ya plastiki, juu yake gazeti, juu ya gazeti kanga, akamtia ndani ya sanduku la dada kwa sababu lilikuwa nusu tupu, likisubiri vitu vya kununuliwa Vienna. Dada hakuambiwa.

Dada aliambiwa na pua yake, asubuhi ya kwanza Vienna. Nilikuwa chumba cha pili na Mama, nikasikia ukelele. Nilipofika nilimkuta amesimama katikati ya chumba na mabuibui matano mikononi, akiyanusa moja baada ya jengine, na kila akinusa anafumba macho. Shemegi alikuwa amefungua dirisha na kutoa kichwa nje, kanzu na yote.

"Nanuka Sur," dada akasema. "Mabuibui yangu yote yananuka Sur!"

Tulimpulizia udi, mafuta ya waridi, na yale manukato ya chooni hotelini. Matokeo yake yakawa ni papa aliyealikwa harusini. Hakuwa na nguo nyengine, na tikiti za kuingia kasri la wafalme wa zamani zilikuwa za saa nne asubuhi. Tukaenda. Ndani ya kasri watu walitupa nafasi kubwa, tukaona kila chumba kwa raha zetu. Shida ilianza bustanini. Palikuwa na bibi mmoja wa Kiaustria na kijibwa chake cheupe, kidogo kama paka. Kile kijibwa kilimwona dada kwa mbali, au tuseme kilimsikia kwa pua, kikaukokota mkono wa bibi mpaka ukamba ukamponyoka. Dada yangu, ambaye hata paka hamgusi kabla ya sala, alishika buibui kwa mikono miwili akakimbia baina ya maua ya mfalme. Kijibwa nyuma yake. Bibi nyuma ya kijibwa. Shemegi nyuma ya bibi, kilemba kikimfunguka. Mama alikaa juu ya benchi, akatoa tende mkobani.

"Picha alizitaka," akaniambia. "Mpige."

Nilimpiga kumi na moja. Katika zote anaonekana anapaa.

Siku ya tano tukapanda treni kwenda Papa. Unabadilisha treni pale Gyor, na mpaka tulipokuwa tumeshuka na mabegi saba, Mama alikuwa tayari ameshamwambia mkaguzi wa tikiti, kwa Kiswahili, kwamba jina la mji wao linatia kichefuchefu. Mkaguzi akamwinamia, akamshika mkono, akamvusha mpaka jukwaa la pili. Treni ya pili ilikuwa ndogo, mabehewa mawili tu, na nje yalikuwa mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, kimya, hayana hata mbuzi. Shemegi alitazama dirishani kwa huzuni ya mtu anayeiona Bratislava ikibaki nyuma.

Nyumba ya wageni tuliyoikodi ilikuwa karibu na uwanja wa katikati, penye kanisa kubwa la minara miwili. Mwenye nyumba alikuwa bibi makamo ya Mama, mnene, aproni kiunoni, na lugha aliyokuwa nayo ilikuwa moja kama Mama alivyokuwa na moja. Alitukaribisha kwa vigilasi vinne vya maji meupe. Shemegi alikisogeza chake puani, akakirudisha mezani haraka: ulevi. "Mafuta ya taa," Mama akakata shauri, akamrudishia bibi vigilasi vyote vinne kwa heshima.

Kisha akaomba mzigo wake. Akalifungua gazeti, akaifungua mifuko, akamweka papa mbele ya bibi yule kwa mikono miwili. Akaniambia nitumie simu, ile ya kufasiri, nimweleze. Nikaishika simu karibu na mdomo wa Mama.

"Mwambie nimemletea papa," Mama akasema, wazi kabisa, kama mtangazaji wa redio.

Simu ikafikiri, ikasema kitu kwa Kihungary. Bibi akageuka rangi. Akavua aproni. Akakimbia mlangoni, akaufungua, akachungulia mtaani kulia na kushoto, akarudi akatutazama mmoja mmoja, mpaka macho yake yakamfikia shemegi na ndevu zake na kanzu yake nyeupe, yakakaa hapo.

Ilinichukua muda kufahamu. Nilifasiri tena yale maneno ya Kihungary kwa Kiarabu, nikasoma: *Nimekuletea Baba Mtakatifu.*

Nilipowaeleza wenzangu, dada alilala juu ya sofa kwa kicheko, mara ya kwanza tangu Vienna. Shemegi alitoka nje kutembea. Tukamwonyesha bibi kwa picha za simuni kwamba ni samaki, samaki mkubwa mwenye meno, na yeye akatikisa kichwa kukubali kila kitu, akavichukua vile vipande vinne kwa adabu, akavipanga juu ya rafu ya ukumbini, baina ya saa ya ukutani na sanamu ya mwanamke wa kigae.

"Kamweka papa kama picha," Mama akasema. Alikaa akavitazama kwa muda. "Hajui kuwa analiwa. Kesho ntampikia."

Asubuhi yake, vipande viwili vikiwa vimerowekwa ndani ya beseni, tulikwenda kutembea. Dada alikuwa amesoma kuwa pana nyumba ya zamani ya watia nguo rangi ya buluu, sasa makumbusho. Mama aliingia bila hamu, kisha akasimama. Kulikuwa na nguo zimeninginizwa kutoka darini mpaka chini, buluu ya usiku, na maua meupe madogo madogo. Kulikuwa na vibao vya mti vya kupigia chapa, mamia, na mapipa ya rangi yaliyochimbiwa ardhini. Akaishika nguo baina ya vidole viwili, akaisugua.

"Hii kaniki," akasema taratibu. "Kaniki ya maua. Nyanya yangu alikuwa nayo, haina maua." Akaisugua tena. "Watu hawa walikuwa wanavaa kaniki na hatukuambiwa."

Alinunua kipande pale dukani, na tulipotoka hakukubali kukitia mfukoni. Akajitanda palepale mlangoni, akashuka nacho mtaani. Mzee mmoja aliyekuwa anasukuma baiskeli alisimama akamvulia kofia. Mama akamrudishia kwa kuinamisha kichwa, kama anayevuliwa kofia kila siku.

Alasiri ndipo mambo yalipotufika. Mama alikuwa jikoni na yule bibi, mimi nakata pilipili, dada anafungua makopo mawili ya tui aliyoyakuta, kwa mshangao mpya, chini ya viatu vyake sandukuni. Jiko lilikuwa dogo, na Mama hukaanga kitunguu kwa moto wa nguvu. Moshi ukajaa. Na hapo juu ya dari palikuwa na kidude cheupe, ambacho hakuna aliyekuwa amekitia maanani, kikaanza kupiga kelele.

Sijapata kusikia kelele kama ile. Bibi akapaza sauti Kihungary. Dada akapaza sauti Kiarabu. Mimi nilikuwa nakitafuta Kiingereza na hakikuja. Mama alisimama katikati, sufuria mkononi, mafuta yanaruka, hajui aiweke wapi. Mlango ukafunguka, shemegi akaingia mbio na kikoi chake na fulana, kichwa wazi.

"Zimeni jiko!" akapiga kelele. "Fungueni madirisha! Mama, weka sufuria chini, utaungua mkono! Ebo! Weye, umesimama nini, leta taulo!"

Nikaleta taulo. Akapanda juu ya kiti, akakipepea kile kidude kwa nguvu zake zote mpaka kikanyamaza.

Shemegi alikuwa bado juu ya kiti, taulo mkononi. Mama aliweka sufuria juu ya meza.

"Nani kasema?" akauliza.

Akamgeukia aliye juu ya kiti.

"Mkwe wangu. Umesema 'sufuria'."

"La," shemegi akasema kwa Kiarabu.

"Umesema 'utaungua mkono'. Umesema 'ebo'."

Shemegi akamtazama Mama, akamtazama mkewe, akatazama dirisha, kana kwamba angeweza kupita. Kisha akashuka kitini, akaketi, akaliweka taulo magotini.

"Tangu mwaka wa pili baada ya harusi," akasema kwa Kiswahili.

Na kilikuwa Kiswahili cha Mama khasa. Alikuwa amejifunza kwake, kwa kusikiliza tu, kwa hiyo yule bwana mzima mwenye ndevu alisema kama bibi wa Kiunguja wa miaka sabini na kitu, na "lo" na "ebo", na kuvuta neno pale pale Mama anapolivuta.

"Miaka kumi na sita!" dada akasema. "Mbona hukusema?"

"Mngeacha kuzungumza," shemegi akajibu. "Na mie nilikuwa nastarehe."

Dada alijishusha sakafuni. Nilimwona anarudi nyuma ndani ya kichwa chake, Ijumaa baada ya Ijumaa, Idi baada ya Idi. "Ile niliyosema siku ya Idi?" akauliza. "Khabari ya kuimba kwako bafuni?"

"Nilisikia."

"Na ile ya mama yako na biriani?"

"Hiyo nimeisikia mara nne." Kisha akamgeukia Mama, kwa adabu. "Na kitana ninacho, Mama."

Nilidhani Mama ataona haya. Alifunika mdomo kwa ile kaniki mpya, mabega yakaanza kutikisika, na tulipodhani analia, akapasua kicheko kilichomtoa bibi mwenye nyumba mbio kutoka ukumbini. Alipopata pumzi akaninyooshea kidole mimi. "'Zimeni jiko'! 'Fungueni madirisha'! Umemsikia mwenzio? Haya, sema weye, uliyezaliwa kwangu: taulo *yangu* au taulo *langu*?"

Nilirudi kwenye pilipili.

Papa aliiva saa kumi na moja. Bibi alionja kwa ncha ya uma, akafikiri, akaamka akaleta kopo la unga wa pilipili nyekundu, akamnyunyizia papa bila kuuliza ruhusa. Mama akaonja. Akaisogeza sahani mbele ya bibi kumwambia aongeze. Walimla kwa mkate mweupe wa pale, na bibi aliisafisha sahani yake kwa kipande cha mwisho mpaka ikang'aa. Dada hakula. Alisema atakula papa siku ambayo nguo zake zitakuwa zimesahau.

Magharibi kabla ya sala nilimtafuta Mama nikamkuta nje, juu ya benchi la mlangoni, na yule bibi. Walikuwa wanazungumza. Huyu Kiswahili, yule Kihungary, kwa zamu, bila haraka. Mmoja akisema mwenziwe anaitikia, wakati mwengine wanacheka pamoja. Nikasimama mlangoni na simu yangu ya kufasiri, nikaona haya kuitoa. Bibi alipoingia ndani nikaketi mahali pake.

"Mlikuwa mnasema nini muda wote huo?"

"Anasema goti la kushoto linamuuma," Mama akasema. "Tangu mumewe alipofariki anapanda ngazi mwenyewe kubeba kuni. Mwanawe yuko mbali."

"Umejuaje yote hayo?"

"Huoni anavyokaa?"

"Na khabari ya mume?"

"Kuna viatu vya mwanamme mlangoni vina vumbi." Akajifunga kaniki vizuri, kwani baridi ilikuwa inaingia. "Nimempa ile dawa yangu ya kuchua, ya karafuu. Nimemwambia asubuhi na jioni, asiogope ikimchoma."

Tuliondoka asubuhi iliyofuata. Bibi alitusindikiza mpaka stesheni, akachechemea kidogo, au labda mimi ndiye niliyekuwa namtazama goti. Alimpa Mama chupa ya jamu ya zambarau, akambusu mashavu yote mawili. Treni ilipoanza kwenda, shemegi alisimama dirishani akampungia mkono, akamwambia kwa Kiswahili abakie salama, naye akajibu kitu kirefu.

Budapest tulifika adhuhuri. Hoteli ilikuwa na lile dirisha, na dirisha lilikuwa na mto, kama picha. Dada alikuwa hajamaliza kufungua pazia Mama alipokaa kitandani, akanyoosha miguu, akashika goti.

"Linauma," akasema. "La kulia."

"Pakaa dawa yako, Mama."

Akanitazama mpaka nikakumbuka nani amebaki nayo.

Basi saa yetu ya mwanzo Budapest, mimi na shemegi tuliimaliza mitaani tukitafuta duka la dawa. La tatu ndilo lililokuwa wazi. Shemegi alimweleza muuzaji kwa mikono: goti, mzee, panawaka moto ukisugua. Aliigiza vizuri sana, mpaka akachechemea dukani kote, na watu waliokuwa kwenye foleni wakampisha. Tulitoka na kopo la dawa ya farasi. Lilikuwa na picha ya farasi juu yake, na shemegi hakuigundua mpaka tulipokuwa tumefika darajani. Akalitazama, akanitazama.

"Tumwambie?" akauliza.

"Tusimwambie," nikasema, na tukaubandua ule upande wa karatasi wenye farasi kwa kucha, tumesimama juu ya daraja, watu wakipiga picha za mto pembeni yetu.